Bati la Soweto na Injini ya Ng'ambo

Barabara iendayo Mbeya kutoka Iringa huanza kwa mteremko, kwa kuwa mji wenyewe umejengwa juu ya kilima, na abiria hana budi kushuka kwanza hadi Ipogolo, penye Mto Ruaha Mdogo, ndipo gari lishike njia kuu na kupanda tena polepole kupita Ifunda, hata misonobari ya Sao Hill ianze kusimama safu kwa safu pande zote mbili na baridi ya Mufindi ipenye madirishani. Nilikuwa nikisafiri na mhandisi wa ndege, Mhehe wa makamo mwenye maneno machache na macho yasiyochoka kuchunguza, naye alikuwa amepakata bahasha ya kaki ambayo hakukubali iwekwe pamoja na mizigo juu ya vichwa vyetu. Ndani yake mlikuwa na ukurasa mmoja uliochapwa katika duka la vifaa vya ofisi pale Iringa, lakini ukachorwa kwa mkono wa mzee ambaye hajapata kuiona Iringa, akaaye katika nchi tuliyotengwa nayo kwa bahari, na ambaye kazi yake, pamoja na jamaa zake na mafundi wachache, ni kuunda injini za ndege ndogo. Safari yetu yote ilitokana na ukurasa huo, nami niliomba kufuatana na mhandisi kwa sababu nilitamani kuuona ukigeuka kuwa kitu.

Ndege yenyewe ni ya viti viwili, na makao yake ni kiwanja cha nyasi katika shamba moja nje ya Iringa, ambako mwenyewe huitumia kukagua miti yake na kutazama moshi wakati wa kiangazi, maana katika nyanda hizi moto mmoja ulioachwa na mrina asali waweza kuteketeza kwa alasiri moja miti iliyopandwa na baba na kutarajiwa na mwana. Injini yake ina silinda nne zilizolala mbilimbili, hupozwa kwa upepo na si kwa maji, na huzungusha rafadha moja kwa moja pasipo giaboksi katikati. Kwa muda ilikuwa imeshika tabia mbaya: kila ndege ilipopanda, silinda ya nyuma upande wa kushoto ilipata joto kupita wenzake, hao wakisimama karibu na nyuzi 150 za sentigredi nayo ikikaribia 190, hata rubani akalazimika kuinamisha pua ya ndege na kungoja ipoe kabla ya kuendelea kupanda.

Mtu wa pwani aweza kudhani kwamba baridi ya Iringa ni dawa tosha ya injini yenye homa. Hasha. Uwanja wa Nduli uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Mbeya hukaribia mita 1,700, na katika vimo hivyo hewa ni nyepesi, nayo hewa nyepesi ina kasoro mbili kwa wakati mmoja: huipa injini pumzi haba, hata ikapoteza kadiri ya asilimia tatu ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kimo, na tena huchukua joto kidogo inapopita juu ya chuma. Ndiyo maana injini iliyoundwa na kujaribiwa kandokando ya bahari yaweza kuwa nzima kabisa huko kwao, na ifikapo huku ikahitaji kutazamwa upya, si kwa sababu ya ila katika kuundwa kwake, bali kwa sababu ya nchi iliyoijia.

Mhandisi alikuwa amekwisha kata shauri la kuagiza silinda hedi mpya, kitu cha gharama, na kwa mfanyabiashara wa kawaida agizo la namna hiyo ni habari njema isiyohitaji maswali. Akapiga simu. Bibi aliyepokea hakuuliza malipo yatapita njia gani; aliuliza namba ya injini, akasikika akifungua daftari, na baada ya punde akamsomea mhandisi jina la fundi aliyeiunganisha, tarehe iliyotoka mezani, na vipimo vya pistoni zote nne jinsi vilivyokuwa siku ile. Kisha akamwita mzee. Mzee naye akauliza, na maswali yake, kama mhandisi alivyonisimulia njiani, yalikuwa ya tabibu mwenye wasaa: je, plagi za silinda ile zina rangi gani, nyeusi, kahawia au nyeupe? Je, joto huzidi tangu ndege iachapo ardhi, au baada ya dakika kadhaa? Injini hunywa lita ngapi kwa saa? Je, ziko picha zilizopigwa kwa tochi kupitia tundu la pua, zionyeshe mpira unaozunguka kofia ya injini? Alipokwisha kupata majawabu na picha, akasema maneno ambayo mhandisi aliyakariri kwangu kwa furaha ya mtu aliyepewa zawadi: "Usininunulie kitu bado. Kwanza tuupime upepo."

Upepo hupimwaje ndani ya kofia ya injini? Kwa kifaa ambacho mtoto wa skuli aweza kukiunda. Mzee alimwelekeza atafute mpira mwembamba wa plastiki upitishao nuru, aukunje katikati, aufunge juu ya ubao uliopigwa mistari ya sentimita, autie maji yenye rangi, kisha ncha moja aifikishe juu ya mapezi ya silinda, ambako upepo huingia, na ncha ya pili chini yake, ambako hutokea. Ndege ikiwa angani, upepo usukumao juu huyashusha maji upande mmoja na kuyapandisha wa pili, na tofauti ya vimo hivyo viwili ndiyo nguvu inayoupitisha upepo katikati ya mapezi. Isipungue sentimita sita, alisema mzee, ndege ipandapo kwa mwendo wake wa kawaida. Maji yakatiwa rangi ya keki iliyonunuliwa sokoni Iringa, ubao ukafungwa mbele ya kiti cha abiria, na rubani aliporudi chini habari ilikuwa dhahiri: upande wa kulia sita na zaidi, upande wa kushoto nne. Silinda haikuwa na ugonjwa wowote. Mpira wa kofia ulikuwa umekauka na kuchakaa upande ule, upepo ukitoroka kabla ya kufanya kazi yake, na uliosalia ukiikimbilia silinda ya mbele na kuipunja ya nyuma.

Ndipo ukaja ule ukurasa. Mzee alichora kibao cha bati la alumini chenye umbo la bawa dogo, kikae ndani ya kasha la upepo baina ya silinda mbili, kiigawie kila moja haki yake. Akaandika vipimo vyote kwa milimita, akaeleza unene wa bati, akaonya kwamba mkunjo usiwe mkali, maana ufa huanzia penye kona, na kwamba kila ukingo utakaogusa chuma kingine uvikwe mpira. Pembeni aliorodhesha vitu ambavyo kamwe visitengenezwe nje ya karakana yake, valvu, boliti za kubana silinda na vyote vinavyobeba uzito wa mlipuko; kibao hiki, aliandika, fundi bati mwema wa popote aweza kukifanya. Mpira mpya wa kofia aliutuma kwa thamani ya mpira na nauli yake tu. Mhandisi, ambaye ana leseni na ambaye kila alifanyalo juu ya ndege huliandika katika daftari lake na kulitia saini mbele ya macho ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, alitaka idhini ya maandishi kabla ya kuongeza hata ribiti moja, na mzee akaiandika siku ileile.

Nimeyataja haya kwa urefu kwa kuwa naona katika muamala huu jambo ambalo biashara ya mitambo katika nchi yetu inalikosa, na kulikosa kwake kunatugharimu. Makambako, mahali ambapo njia ya Njombe huachana na ile ya Mbeya na reli ya TAZARA hupita, alipanda mama mmoja mwenye kikapu cha parachichi, akaketi karibu nasi, na baada ya kuitikia salamu ya mhandisi, kamwene, na kusikia kwamba sisi ni watu wa mashine, akatusimulia kuhusu mashine yake ya kukoboa. Aliinunua mpya, kwa fedha za kikundi cha akina mama. Ilipovunjika kipande kidogo cha ndani, alilirudia duka alikoinunua, akaambiwa kwamba wao huuza tu. Akaomba namba ya aliyeiunda, akaambiwa haipo. "Mashine nzima imekaa chini ya turubai, mwanangu, na chuma chenyewe kina afya," alimwambia mhandisi. Mhandisi alimwomba picha ya kibandiko chenye namba, akaitazama, akatikisa kichwa; hapakuwa na jina la mtu wala la mji. Mashine hiyo ni yatima, na yatima wa namna hiyo wamejaa katika vijiji vyetu, wamenunuliwa kwa jasho la vikundi na mikopo, wakafa kwa ukosefu wa mtu mmoja wa kuulizwa.

Historia ya kuruka yenyewe ina somo juu ya jambo hili. Ndugu wawili Wright, wenye duka la baiskeli katika mji wa Dayton huko Marekani, walipokuwa tayari na mabawa yao, waliwaandikia waundaji kadhaa wa injini wakiomba injini nyepesi yenye nguvu ya farasi wanane au zaidi kidogo, nao hawakupata kwa yeyote walichokitaka. Basi wakamgeukia fundi wao wa dukani, Charles Taylor, mtu ambaye hakuwa na ujuzi mkubwa wa injini, naye akaunda kwa muda wa wiki sita hivi injini ya silinda nne, mwili wake ukiwa wa alumini, ikatoa nguvu ya farasi wapatao 12, na tarehe 17 Desemba 1903 ikamwinua mtu kutoka ardhini. Injini ya ndege ya ndugu hao, kwa hiyo, ilitoka katika karakana ndogo, na aliyeiunda alijulikana kwa jina.

Karne nzima baadaye desturi hiyo haijafa. Katika Bundaberg, mji wa mashamba ya miwa katika jimbo la Queensland nchini Australia, Rodney Stiff na Phil Ainsworth walianzisha mwaka 1988 kampuni ya Jabiru ya kuunda ndege ndogo, wakategemea injini za KFM kutoka Italia. Na ilipofika mwaka 1991, Waitalia hao walipoacha kuziunda, wale wawili walijikuta wana ndege zisizo na moyo. Wangeweza kufunga milango. Badala yake wakakata miili ya injini kutoka katika magogo ya alumini, wakaanza na injini ya lita 1.6, kisha ya lita 2.2, na leo injini zao zaruka katika mabara mengi. Anayenunua injini kwa mtu aliyewahi yeye mwenyewe kuachwa njiani na muuzaji wake, hununua pia kumbukumbu ya machungu yale, na nadhani kumbukumbu hiyo ni dhamana iliyo bora kuliko cheti.

Kwetu nako mambo yameanza kusogea. Morogoro iko kampuni ya Airplanes Africa Limited, inayounganisha ndege za viti viwili za Skyleader zenye asili ya Jamhuri ya Cheki, na watu wa nyanda hizi hawajasahau habari za yule fundi wa Tunduma aliyejiundia helikopta kwa mikono yake. Injini za Skyleader hutoka Austria; bado sisi si waundaji wa injini. Lakini kabla ya kuunda huja kutunza, na kutunza tumekuwa tukikufanya muda mrefu kuliko wengi wanavyokumbuka.

Hayo nilikuwa nikiyawaza gari lilipopita Igawa na Chimala, mbuga za Usangu zikiwa zimejitandaza kuliani na milima ya Kipengere ikiinuka kushotoni, hata tukafika Uyole na magari yakaanza kusongamana. Wachache katika mji wa Mbeya leo wajua kwamba mji huu ulikuwa kituo cha njia kuu ya anga kabla haujawa na lami: kuanzia mwaka 1932 ndege za Imperial Airways, zitokazo Nairobi kupitia Moshi na Dodoma, zilitua hapa kabla ya kuvuka kwenda Mpika na Broken Hill na hatimaye Cape Town, na zikaendelea hivyo mpaka mwaka 1937 ndege za majini zilipoihamishia njia hiyo pwani, kupitia Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Uwanja wa zamani wa mjini ulihudumu hata ulipofunguliwa ule wa Songwe mwaka 2012. Katika miaka hiyo yote palikuwa na mtu, jina lake halikuandikwa popote, aliyeitwa kunyoosha bati lililopinda.

Mtaa wa Soweto uko kandokando ya barabara kuu, na soko lake lanuka viazi vilivyotoka kuchimbwa na mchele mpya wa Kyela na Usangu. Nyuma ya soko, katika kichochoro ambacho pikipiki na mikokoteni hugombea nafasi, tulimkuta fundi bati tuliyemjia, kijana wa miaka thelathini hivi, akikunja mfereji wa mvua. Iringa haikosi mafundi, walakini huyu, mhandisi alikuwa amemjaribu zamani kwa kazi nyingine, akamwona hakati bati kabla ya kukata karatasi. Alitusalimu kwa shikamoo, akasafisha mikono, akauchukua ukurasa na kuutazama muda mrefu pasipo kusema neno. Kiingereza chake si kingi, lakini vipimo havina lugha. Akauliza swali moja: "Kaka, upepo unaingilia wapi?" Mhandisi akamwonyesha. Baada ya hapo hakuuliza tena kwa kitambo kizuri.

Kwanza alikata umbo lile katika boksi gumu la viatu, akalikunja, akalikunjua, akalipima kwa rula ya chuma na kulilinganisha na mchoro, akalitupa na kukata jingine. Aliporidhika, alililaza juu ya bati la alumini tulilokuja nalo, akalizungushia mstari kwa msumari uliochongwa, akakata kwa mkasi nje kidogo ya mstari, kisha akashusha ukingo kwa tupa hata mstari wenyewe ukatoweka. Kwa mkunjo hakutumia kona ya meza kama alivyofanya kwa mfereji. Alitafuta bomba lenye unene wa kidole gumba, akaliegemezea bati, akalipigapiga kwa nyundo ya mti, pigo dogo baada ya pigo dogo, akiligeuza kila mara kuangalia kama ngozi ya alumini imeanza kuonyesha dalili ya ufa. Vipimo vilikuwa vya nusu milimita. Nilisimama nikishangaa jinsi mikono ileile iliyokuwa muda mfupi uliopita ikikunja mfereji wa maji ya mvua ilivyobadili adabu yake mara tu ilipoambiwa kwamba kitu hiki kitakwenda angani.

Kisha akasimama, akakishika kibao kwa vidole viwili, akakitikisa, kikatoa mlio. "Kaka, hiki kitatetemeka," akamwambia mhandisi. "Ukingo huu wa juu uko mtupu. Ningeukunja mara moja, upana wa milimita nne, ungekaa kimya." Mhandisi akakubali kwamba ni kweli, walakini akasema hana mamlaka ya kuubadili mchoro wa mwenye injini. Akapiga picha, akaandika maneno mawili matatu, akavituma. Tulikwenda kunywa chai na chapati, tukitaraji kulala Mbeya, kwa sababu huko kwa mzee ulikuwa usiku. Lakini kabla chai haijapoa simu ikalia. Mzee alitaka kuzungumza na fundi mwenyewe. Basi pale kwenye benchi la mama ntilie pakafanyika mazungumzo ambayo sitayasahau, mhandisi akiwa mkalimani, mzee akiuliza ukunjwe kuelekea wapi, ili usizibe njia ya upepo, na fundi akijibu kwa mkono akiwa amesahau kwamba mwenzake hamwoni, mpaka wakaafikiana: uelekee nyuma, mkunjo wa mviringo, bila kupigwa ukalala. Kisha mzee akamwambia fundi ahsante kwa Kiswahili kibovu alichofundishwa na mhandisi dakika hiyohiyo.

Kibao kikakamilika kabla ya jua kutua. Fundi alidai ujira wa kadiri, chini ya ule mhandisi aliokuwa amejiandaa kuutoa, akakataa nyongeza ila nauli ya kurudi nyumbani. Boksi lile la viatu hakulitupa. Aliandika juu yake kwa kalamu ya wino namba ya ndege, inayoanza na 5H kama ndege zote za Tanzania, akaongeza jina la mhandisi na namba yake ya simu, akalitundika kwenye msumari ukutani pamoja na vielelezo vingine, ili siku kibao kikivunjika pasiwe na haja ya mtu kufunga safari, bali simu moja tu na kifurushi kwenye basi. Nikalikumbuka daftari la yule bibi ng'ambo. Nikasadiki kwamba watu hawa wawili, mwenye daftari na mwenye msumari, ni wa kabila moja.

Kule Iringa mhandisi alikifunga kibao na mpira mpya, akaandika katika daftari la ndege, akatia saini, na ubao wenye maji ya rangi ukarudishwa mbele ya kiti cha abiria. Upande wa kushoto sasa ulisoma sita na nusu. Silinda ya nyuma ilipanda na wenzake hadi nyuzi 160 na haikuwaacha tena. Mhandisi alizituma namba hizo kwa watu wawili, mmoja ng'ambo na mmoja Soweto, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamemwagiza asisahau. Wa Soweto alijibu kwa kuuliza kama kibao kinapiga kelele. Wa ng'ambo aliomba vipimo kamili vya ukingo ule uliokunjwa, pamoja na jina la fundi, apate kuviandika juu ya mchoro wake kwa ajili ya wateja wengine wenye injini kama hii katika nchi za milimani. Na fundi akavisoma kutoka kwenye boksi la viatu, mhandisi akaviandika, vikapelekwa usiku uleule.